Hundi ya Desemba

Kuwait, 14 Desemba 1981

Dada yangu Sabika,

Salamu tele kutoka nyumba nzima. Mama hajambo, ila goti linamsumbua. Analisingizia baridi, na sisi sote tunajua ni ule ubishi wake wa kupanda ngazi kwenda kukagua njiwa darini. Anasema Ghanima avae kofia, nawe uache kula mkate wa dukani. Ijumaa tulikwenda kambini jangwani. Mvua imenyesha vizuri mwaka huu, vijana wakachimba uyoga wa mchangani kikapu kizima, Mama akaupika na wali, halafu akalia kwa sababu nyinyi hampo. Macho ya mpwa wangu Ghanima yanaendeleaje? Hao madaktari wa London wamesemaje?

Sasa nikwambie. Sikupiga simu kwa sababu unaijua simu ya nyumba hii: ukiinua ukumbini, Mama anainua chumbani kwake na kusikiliza. Habari yenyewe ni kiwanda cha matofali. Baba Nasir anakitaka. Si mtu wa nje, mtoto wa ami yetu mwenyewe, uliyemkuna kichwa akiwa na chawa. Keti kwanza ndipo nitaje bei: dinari laki sita. Kiwanda kile kile ambacho mwaka jana kimetupa faida ya elfu kumi na nane, na mimi nikimeza vumbi la chokaa tangu alfajiri. Nusu yangu, nusu yako, kama Baba alivyotuandikia alipokuwa hai. Inatakiwa idhini yako tu.

Usinicheke. Huku hakuna anayefanya kazi tena, dada, watu wananunua hisa. Lile jengo la gereji mjini, pale palipokuwa soko la ngamia, chini yake sasa ni vyumba vya kuuzia hisa. Chumba kidogo kama choo cha shule kinauzwa bei ya nyumba. Yule mwalimu aliyenifundisha hesabu nimemkuta pale na mkoba mkononi, shule kaiacha. Asubuhi alinunua kampuni ya kuku ya huko Ghuba ya chini, kabla ya adhuhuri akaiuza. Nikamuuliza, "Ustadhi, hao kuku wako wapi?" Akacheka sana. Kampuni ya kuku haina hata yai, na bei yake imepanda mara mbili tangu Eid.

Nakusubiri.

Mdogo wako,
Duaij


London, 9 Januari 1982

Mdogo wangu Duaij,

Barua imefika na chumvi na pilipili zake. Sisi wazima. Huku jua linachomoza kama mtu aliyelazimishwa kazi. Ghanima amejifunza kuwatukana wauza maziwa kwa Kiingereza, na umri wake miaka kumi na moja. Jicho la kushoto halijarudi. La kulia wanalichunga. Mwambie Mama kofia anavaa.

Ustadhi wako hesabu alikuwa haijui hata zamani, ndiyo maana na wewe hukuijua. Hebu niambie jambo moja. Serikali inajenga nyumba kila upande, matofali yanatakiwa kila siku, halafu mwenye kutengeneza matofali ndiye anauza kiwanda? Baba alikijenga kwa fidia ya nyumba yetu ya zamani, ile waliyoibomoa kupitisha barabara. Pesa ya mafuta ikaingia mkononi mwake, akaifanya matofali. Wewe sasa unataka matofali yawe nini?

Lakini umechoka, najua. Umekibeba peke yako miaka tisa na mimi nakula nusu nikiwa nimekaa. Sina uso wa kukukatalia. Idhini nimeitia sahihi ubalozini, imo humu. Ila tafadhali, Duaij, pesa yangu iwe pesa. Nina mgonjwa.

Dada yako,
Sabika


Kuwait, 3 Februari 1982

Dada yangu mpenzi,

Tumeuza! Mama kachinja kondoo wawili, kamgawia jirani mpaka yule asiyemsalimia. Nilikuambia laki sita? Andika laki tisa.

Nitakueleza usije ukapiga kelele. Baba Nasir aliniambia, "Nikikulipa leo, laki sita. Nikikuandikia hundi ya tarehe ishirini na tisa Desemba, laki tisa." Huku ndivyo mambo yanavyokwenda. Kila mtu anaandika hundi ya mbele. Unanunua leo kwa hundi ya miezi kumi, unauza kesho, unapokea hundi ya mtu mwingine, unaitia mfukoni. Usiniulize kama anazo hizo pesa sasa hivi. Hakuna anayeuliza. Ukimuuliza mtu hivyo barazani kwake, mbele ya wanaume, ni sawa na kumwita mwizi. Jina lake ndilo benki. Na Baba Nasir, wallahi, jina lake ni zito kuliko benki tatu.

Hundi iko kwangu, kabatini. Moja, ya sisi wawili.

Kiwanda? Bwana, huyu mtu ana akili. Amekigeuza kampuni, akawauzia watu hisa. Wiki ya kwanza zimepanda nusu. Tanuri la mvuke amelizima kwa muda, wale mafundi amewaaga na mshahara wa miezi miwili, kwa sababu anasema matofali yanamchelewesha. Nilipita pale juzi. Kimya. Nilihisi vibaya kidogo, sitaki kukuficha, lakini nikapitia sokoni nikakuta hisa zimepanda tena, roho ikatulia. Na mimi nimenunua hisa kidogo tu, kwa kahundi kangu mwenyewe.

Mbusu Ghanima macho yote mawili.

Duaij


London, 30 Mei 1982

Mdogo wangu,

Salamu kwa Mama, kwa njiwa wake, kwa wote. Asante kwa tende na samli, zimefika. Nimekaa kimya miezi mitatu kwa sababu sikuwa na cha kusema ambacho kingekuacha ulale.

Jicho la kushoto limekufa. Lilikufa tangu Novemba, sikuwaambia. Sasa pazia la ndani ya jicho la kulia limeanza kubanduka. Madaktari wa hapa wamesema tungoje, na kamati ya afya ya kwetu, inayolipia wagonjwa wa nje, imesema London inatosha, faili liko mezani. Nimempeleka kwa daktari mmoja aliyepita hapa kutoka Barcelona, anayeshona mapazia hayo kwa njia yake. Kamwangalia robo saa. Akasema, akipasuliwa kabla Julai haijaisha, ataona. Baadaye hawezi kuahidi kitu. Anataka nusu ya malipo kabla ya kisu.

Dhahabu ninayo, lakini huku mikufu yangu ya harusi wananipimia kama chuma chakavu. Nimewapigia wajomba wote. Kila mmoja tajiri, Duaij, kila mmoja milionea, na kila mmoja ananiambia, "Desemba, binti yangu, Desemba." Nchi nzima ina mafuta na hakuna mwenye dinari mkononi.

Peleka ile hundi benki. Sasa. Ofisa wa benki yetu ya hapa ameniapia kwamba kwa sheria ya kwetu hundi ni hundi, tarehe haizuii. Ukiipeleka leo inalipwa leo. Hata Baba Nasir akilipa zile laki sita za mwanzo, nyingine namsamehe.

Nategemea hilo. Sina lingine.

Sabika


Kuwait, 19 Juni 1982

Dada yangu,

Ramadhani iko mlangoni, Mwenyezi Mungu atufikishe sote salama. Nchi nzima imehamia Hispania kutazama mpira. Juzi tumetoka sare na Wachekoslovakia, watu wakapiga honi mpaka alfajiri. Wamekodi ndege nzima-nzima kwenda huko huko unakotaka kumpeleka mtoto, na mimi nimekaa hapa nakuandikia barua hii. Nimeona haya kweli.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Simwonyeshi Mama. Sikiliza, dada, sikukatalii. Lakini wewe uko mbali, hujui jambo hili lilivyo. Sheria inaruhusu, kweli. Sheria inaruhusu pia niingie msikitini na pijama. Mtu akipeleka hundi kabla ya siku yake, amemtangaza mwenziwe muflisi. Jioni hiyo hiyo watu wote wenye hundi zake watapanga foleni. Baba Nasir ananiweka kuliani kwake kila usiku. Alimzika Baba pamoja na mimi, aliingia kaburini yeye. Niende benki nyuma ya mgongo wake?

Nilifikiri nimwombe uso kwa uso. Jana nilikaa barazani nikangoja watu watoke. Tulipobaki wawili akaniuliza, "Una neno, Duaij?" Nikasema, "Sina, ila joto tu."

Nipe muda kidogo. Julai haijaanza. Naulizia kwingine. Na wewe tafadhali usimpigie simu.

Duaij


London, 8 Julai 1982

Duaij,

Ramadhani njema. Mama asifunge na goti lile, mwambie nimesema.

Jana Ghanima aliniuliza kwa nini mchana huu tumefunga mapazia. Mapazia yalikuwa wazi.

Hukumwambia neno kwa sababu ya joto! Haya, endelea kunywa chai. Mwombe. Au mpige. Au nipe mimi namba yake nimwombe mimi, mwanamke, nijivunjie heshima kwa niaba yako. Umenikataza nisimpigie, nimekutii. Nitakutii mpaka Eid.

Sabika


Kuwait, 2 Septemba 1982

Dada yangu,

Mama anakusalimu. Tunasikia vita vya jirani vimezidi, usiku madirisha yanatikisika, lakini sisi salama.

Utakuwa umesikia redioni. Soko limeanguka. Mwezi uliopita hundi moja ilirudi, halafu kumi, halafu zote. Serikali imetangaza kila mwenye hundi ya mbele akaisajili. Nimepanga foleni siku mbili na ustadhi wangu wa hesabu, kabeba hundi katika mfuko wa mchele. Baba Nasir hana kitu. Hisa za kiwanda hazina mnunuzi, na tanuri limeuzwa kama vyuma chakavu.

Kwa hiyo ile hundi imekuwa karatasi. Kahundi kangu mwenyewe nako kananingoja, huenda nyumba ikaenda.

Sijui niandike nini kingine. Niambie habari za mtoto.

Duaij


London, 20 Septemba 1982

Kwa Duaij,

Unataka habari za mtoto. Niliuza dhahabu yote kwa bei ya kutupa, na kamati ikanipa tikiti mbili, nafikiri kwa kunihurumia. Tulifika Barcelona tarehe kumi na tisa Agosti. Daktari alifungua jicho, akalifunga. Aliniambia kwa upole sana. Ghanima anajua mchana na usiku. Anajua kama taa imewashwa. Basi.

Hajalia. Anaulizia kama njiwa wa Mama bado wapo, ataweza kuwashika.

Nilikupa siku zote za Juni na Julai. Ulikuwa na karatasi kabatini na miguu miwili. Ukaona bora wanaume wasikunyooshee kidole barazani. Kongole, hawakukunyooshea. Jina lako ni safi. Lifunge kwenye sanduku, umvalishe binti yangu machoni siku ukimwona.

Usinijibu.

Sabika


London, 8 Novemba 1982

Duaij, mdogo wangu,

Hukujibu, umenitii. Laiti mara hii moja usingenitii.

Mama alipiga simu Alhamisi. Alikuwa analia, nikadhani kuna msiba. Akaniambia ulikwenda. Akaniambia uliipeleka hundi benki wiki ya kwanza ya Agosti, peke yako, karani akaingia ndani akarudi akakwambia hakuna kitu, na kabla hujafika nyumbani mji mzima ulikuwa unajua. Kwamba wanakuita aliyemvunja mtoto wa ami yake. Kwamba msikitini watu wanaacha nafasi pembeni yako. Na mimi nikakuandikia yale niliyoyaandika, na wewe ukanyamaza. Kwa nini hukusema? Nilikuwa nimekaa sakafuni jikoni nalia, Ghanima ananipapasa uso anauliza nani kafa.

Nilianza kuandika barua hii ya kukuomba radhi Ijumaa. Ningeipeleka posta Jumamosi. Jumamosi akaja Dalal.

Ndiyo, Dalal, mke wa Baba Nasir. Yuko hapa anauza nyumba yao ya London, amekonda, hana hata bangili. Alikaa akamtazama Ghanima anavyotafuta kikombe mezani. Akaanza kusema. Nimefikiri siku mbili kama nikwambie aliyosema. Niliapa nisikwambie. Lakini siwezi kukaa nayo peke yangu, Duaij, nisamehe, imenishinda.

Alisema mume wake alijua habari za mtoto tangu mwanzo wa Juni, mjomba mmoja alimwambia. Aliuza shamba lake la Basra kwa pesa taslimu, akazifunga katika mfuko wa mto wa kulalia, akaziweka sandukuni. "Hizi za Duaij," alimwambia mkewe. Kila usiku wa Ramadhani alikungoja uombe. Dalal akamwambia, "Si umpe tu, mtu wako mwenyewe?" Akajibu, "Nikimpa kabla ya siku yake hajaomba, nimemwambia kwamba namwona mwenye njaa. Nitamvunjia uso. Akitamka neno moja tu, zake." Akamaliza mwezi mzima akikuuliza kama una neno. Baada ya Eid wakaja wenye hundi nyingine, hawakuwa na haya, wakamkalia mlangoni, na ule mfuko ukaenda.

Mlikaa zulia moja kila usiku, bega kwa bega. Yeye anazo, na wewe unazitaka.

Sijui nimlaani nani. Sina hasira tena, na afadhali ningekuwa nayo. Tunarudi tarehe ishirini Desemba. Njoo wewe mwenyewe uwanja wa ndege.

Dada yako anayekupenda,
Sabika


Kuwait, 28 Novemba 1982

Dada yangu Sabika,

Mama yuko vizuri. Amewakatia njiwa wawili mbawa wasiruke, wawe wa Ghanima. Uwanja wa ndege nitakuja, mapema.

Barua yako niliipata Jumanne. Jumatano usiku nikaenda kwa Baba Nasir. Sikuwa nimekanyaga pale tangu Agosti. Mlango wa baraza ulikuwa wazi kama siku zote, mito imepangwa, taa zote zinawaka, na yeye kakaa peke yake mahali pake. Watumishi wameondoka. Alisimama, akanionyesha kuliani kwake, akaenda kuleta chai mwenyewe, nusu ikamwagika kwenye sinia.

Nilikwenda nimwambie. Barua yako ilikuwa mfukoni, nilitaka nimsomee maneno ya mkewe, nimuulize kwa nini, nimwambie ningeomba, wallahi ningeomba, ningepata usiku mmoja tu zaidi. Nilitaka tulie sote wawili tumalize.

Akaniuliza habari za Mama. Nikamuuliza habari za mgongo wake. Akasema, "Watu hawaji siku hizi, labda kwa ajili ya baridi." Nikasema, "Baridi kali kweli mwaka huu." Halafu akageuza kikombe mkononi, hanitazami, akauliza, "Na jicho la binti yetu?"

Dada, nikajua Dalal hajamwambia. Nikasema, "Anaona, alhamdulillahi. Alipasuliwa kwa wakati."

Akafunika uso kwa ncha ya kilemba, akamshukuru Mungu kwa sauti, mara nyingi, mabega yanapanda na kushuka. Akasema sasa anaweza kulala.

Basi mwombe Dalal asimwambie, na mkirudi, usimpeleke Ghanima kule. Akimtaka, tutasema yuko shuleni.

Duaij